Mwalimu Anaposoma Huku Akifundisha: Kikundi Kitamsaidia Vipi?

Vikundi vingi vya kujisaidia katika vijiji vyetu vilianza na shule ya nasari. Akina mama walichanga, wanaume wakapasua mawe, mabati yakanunuliwa kidogo kidogo, na kijana mmoja aliyemaliza sekondari akaombwa awashike watoto. Miaka inapita. Mwalimu yule sasa anazijua nyumba zote, anajua mtoto wa nani hanywi uji asubuhi na wa nani anatembea mbali. Halafu siku moja anasimama kwenye mkutano na kusema: nimepata nafasi ya kusomea digrii ya ualimu, na sitaki kuacha kazi. Mtanisaidia?

Hapo mkutano hugawanyika. Wengine wanasema tumpe baraka na pesa. Wengine wanauliza, na watoto wetu je? Akisoma yeye, nani atawafundisha? Na akishapata digrii, si atatoroka aende mjini? Maswali haya yote ni ya haki. Katika ukurasa huu tunataka kueleza jinsi masomo ya namna hii yanavyokwenda, mahali ambapo walimu wengi hukwama, na mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya. Jambo kubwa tunalotaka kusema ni hili: kinachomwangusha mwalimu anayesoma akiwa kazini mara nyingi si akili, wala si karo peke yake. Ni saa. Kikundi ambacho hakina pesa nyingi bado kinaweza kumpa mwalimu wake saa, na huo ni msaada mkubwa.

Digrii ya kazini ni nini?

Mwanafunzi wa kawaida huondoka nyumbani, akakaa chuo kikuu miaka 4, kisha akarudi kutafuta kazi. Mwalimu anayesoma akiwa kazini hufanya kinyume. Muhula wa shule anafundisha darasa lake kama kawaida. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, yeye anabeba sanduku kwenda chuoni. Huko masomo ambayo mwenzake wa kila siku angeyapata kwa miezi kadhaa husukumwa katika wiki chache, kutoka asubuhi mpaka jioni. Kisha anarudi nyumbani na kazi za kuandika, ambazo lazima azimalize katikati ya muhula huku akiendelea kufundisha. Kuna mitihani, kuna mazoezi ya kufundisha ambapo mhadhiri huja kumwangalia darasani, na karibu na mwisho kwa kawaida kuna utafiti mdogo wa kuandika.

Vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi, Maseno na Mount Kenya ni baadhi ya vile ambavyo vimefundisha walimu kwa njia hii ya likizo. Tena Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, nacho hufundisha kwa intaneti. Kwa hiyo njia ni zaidi ya moja, lakini mzigo ni ule ule: mtu mmoja, kazi mbili.

Si jambo geni

Wengine hudhani masomo ya namna hii ni ya mkato. Sivyo. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianza masomo ya posta na redio. Maelfu ya walimu wa msingi waliokuwa na elimu ndogo walipanda daraja bila kuacha shule zao. Mwaka 1986 chuo hicho kikaanza digrii ya ualimu kwa masomo ya nje, kutoka bewa lake la Kikuyu. Mwalimu alipewa vitabu vilivyochapishwa vya kusoma nyumbani, na likizo akakutana na wahadhiri.

Kwa walimu wa nasari, kituo cha taifa cha NACECE kilianzishwa mwaka 1984, na kuanzia 1985 kukawa na vituo vya DICECE wilayani. Walimu walihudhuria mafunzo wakati wa likizo kwa miaka 2 huku wakiendelea kufundisha. Wengi wa walimu wazee wa nasari tunaowajua vijijini walipata cheti kwa njia hiyo.

Majirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Baada ya mwaka 1974, walipoamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, vyuo vya ualimu havikutosha. Wakawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakawaweka katika shule za vijijini, wakafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, kwa msaada wa redio, vitabu na walimu waliowazunguka. Zaidi ya vijana 35,000 walipata ualimu kwa njia hiyo. Wapo waliolalamika kwamba elimu yao ilikuwa nyembamba, na lawama hiyo haikukosa ukweli. Lakini kuna jambo moja la kuiga: muda wa kusoma ulipangwa ndani ya siku ya kazi. Haukuachwa uokotwe usiku, mtu akiwa amechoka.

Darasa ni kitabu cha pili

Faida ya kusoma ukiwa kazini ni kwamba kila jambo unaloambiwa chuoni unaweza kulijaribu Jumatatu inayofuata shule zikifunguliwa. Tuchukue mfano. Katika somo la makuzi ya mtoto, mwalimu anajifunza kwamba mtoto wa miaka 4 anaweza kuimba moja mpaka kumi bila kujua tano ni ngapi. Anaimba tu kama wimbo. Ili aelewe hesabu, mkono wake lazima uguse vitu. Mwalimu anaporudi anawaambia watoto waokote vifuniko vya soda, mbegu za mahindi na vijiti. Anampa kila mtoto rundo lake. "Nipe tatu." Mmoja anatoa tatu, mwingine anatoa gao zima. Hapo hapo mwalimu amejua ni nani anahesabu na ni nani anaimba.

Mfano mwingine ni yule mtoto anayekaa nyuma na kuitwa mzito. Chuoni mwalimu anafundishwa kutazama kabla ya kuhukumu. Basi anamhamisha mbele, karibu na ubao. Anamwita kwa sauti ya chini akiwa amempa mgongo, aone kama atageuka. Anaandika kwenye daftari alichofanya mtoto kwa wiki 2: saa ngapi anasinzia, ni kazi gani anaimaliza, anacheza na nani. Pengine atagundua kwamba mtoto hasikii vizuri sikio moja, au haoni ubao, au anakuja na njaa. Akigundua hivyo, anamwita mzazi na kumshauri wampeleke kituo cha afya. Madaftari ya namna hii ndiyo yanayogeuka kuwa kazi za chuo. Digrii inapata chakula kutoka darasani, na darasa linapata mwanga kutoka kwa digrii.

Hata hivyo kuna adabu yake. Mtoto si kifaa cha kufanyia majaribio. Mwalimu akitaka kuandika habari za mtoto kwa ajili ya chuo, amwombe mzazi ruhusa, asitaje jina, wala asisimulie sokoni yale aliyoyaona.

Mahali ambapo wengi hukwama

Tuhesabu siku ya mwalimu wa kijijini ambaye pia ni mama. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakoka moto, anawaandaa wake. Saa mbili kasorobo yuko shuleni. Watoto wa nasari wakienda nyumbani, bado kuna kufagia, kuandika maandalio ya kesho, kuzungumza na wazazi. Alasiri ni shamba, maji na kuni. Jioni ni chakula. Inapofika saa tatu za usiku, wengine wakilala, ndipo anapofungua kitabu. Baada ya nusu saa kichwa kinagonga meza.

Akijitahidi sana atapata saa moja kila usiku. Kwa wiki ni saa 7. Na hapo hatujahesabu mgonjwa nyumbani, matanga, harusi, mkutano wa chama na Jumapili. Wiki mbili za matanga zikifuatana, kazi za kuandika zinalala. Zikilala, chuoni anakosa alama. Akikosa alama anarudia somo na kulilipia tena. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili timamu anavyojikuta mwaka wa sita katika kozi ya miaka 4, au ameiacha kimya kimya kwa aibu.

Mambo mengine hutoka mbali, wala hayako mkononi mwa mtu. Mnakumbuka shule zilivyofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona. Ili kufidia wakati uliopotea, likizo za mwaka 2021 na 2022 zilifupishwa sana, na kalenda haikurudi kama zamani mpaka Januari 2023. Kwa wazazi ilikuwa shida ya karo. Kwa mwalimu anayesoma likizo ilikuwa shida mara mbili, kwa sababu likizo ndiyo shule yake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Ukiutazama kwa mbali unadhani ni mwepisi. Ndiyo maana twasema, kabla kikundi hakijachanga shilingi, kikae na mwalimu wake na kuhesabu saa.

Kikundi kinaweza kutoa saa namna gani?

Haya ni mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi:

1. Zamu ya shamba. Ikiwa kikundi kinalimiana kwa zamu, shamba la mwalimu lipewe siku yake wakati wa likizo anapokuwa chuoni. Asirudi kukuta magugu yamemeza mahindi.

2. Mchana mmoja kwa wiki. Watoto wakishaenda nyumbani, mama mmoja wa kikundi awachukue watoto wa mwalimu na kuwapikia. Mchana ule mmoja ni saa 4 za kusoma, tena mwanga upo na akili iko macho.

3. Mahali pa kusomea. Chumba cha shule au ofisi ya kikundi yenye meza, na taa ya sola ikiwa ipo. Nyumbani kuna kelele, na kila anayepita anabisha hodi.

4. Kumwondolea vyeo. Mara nyingi mwalimu ndiye katibu wa kikundi, ndiye mwandishi wa barua za kila mtu, ndiye mshereheshaji wa harusi. Kwa miaka hii, wengine washike kalamu.

5. Kuzungumza na wa nyumbani. Mume, au mke, au mama mkwe asipoelewa kwa nini mtu mzima anakaa na kitabu wakati vyombo havijaoshwa, hakuna msaada mwingine utakaofaa. Wazee wa kikundi wanaweza kumtembelea na kumweleza kwa upole.

Watoto wasilipe wao

Tuseme wazi. Kuna njia mbaya ya kumaliza digrii hii, nayo ni kuchukua saa za watoto. Mwalimu anawaandikia ubaoni herufi za kunakili asubuhi nzima, huku yeye amekaa pembeni akimalizia kazi ya chuo. Watoto wa nasari hawawezi kushtaki. Watanyamaza, watanakili, na mwaka utaisha. Mwalimu atakuwa amepata cheti cha kujua kufundisha kwa kuacha kufundisha.

Kamati ya shule isingoje mpaka jambo hilo litokee ndipo igombe. Mwanzo wa muhula imwulize mwalimu: ni siku zipi utakuwa na mtihani, na ni lini mhadhiri atakuja? Siku hizo atafutwe wa kushika darasa, apewe mpango wa kazi ulioandikwa, na asiwe mtu wa kuwafungia watoto tu. Siku nyingine zote darasa ni la watoto, saa zote. Mwalimu akijua kwamba ana mchana wake wa kusoma, hatajaribiwa kuiba asubuhi yao.

Kabla ya kulipa

Watu wamepoteza pesa kwa kukimbilia. Ulizeni haya kwanza.

Mwalimu anataka kufundisha wapi? Akitaka sekondari, Tume ya Huduma ya Walimu, yaani TSC, huangalia matokeo ya KCSE: C+ ya jumla, na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Asiye na alama hizo aende kwanza ofisi ya TSC ya kaunti ndogo aulize, kabla ya kutia sahihi popote. Akitaka kubaki nasari, pengine diploma ya elimu ya watoto wadogo itamtosha kwa sasa, na digrii ingoje. Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, kwa hiyo ofisi ya elimu ya kaunti ndiyo ya kueleza inaajiri kwa cheti gani.

Je, kozi yenyewe imeidhinishwa? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayokubali chuo na kozi zake. Msitegemee bango la barabarani wala maneno ya ajenti.

Je, mshahara utapanda? Mtu asidanganywe kwamba akivaa joho tu cheo kinakuja. Kupandishwa cheo hutegemea nafasi na masharti mengine. Digrii inafungua mlango, lakini haimbebi mtu mpaka ndani.

Kuhusu pesa, ombeni chuo kiandike gharama ya kozi nzima, si ya mwaka wa kwanza tu. Kozi ya miaka 4 yenye likizo 3 kila mwaka ni safari 12. Kila safari ina karo, nauli, malazi na chakula. Katikati kuna kuchapisha kazi na bando za simu, na mwishoni kuna utafiti na mahafali. Harambee moja kubwa ya mwanzo, yenye nyimbo na mgeni rasmi, humfikisha mwalimu mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu hakuna anayemkumbuka.

Afadhali kidogo cha kila mwezi. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, kitapata 2,500. Kwa mwaka ni 30,000, yaani 10,000 kwa kila likizo. Huenda isitoshe karo, lakini mwalimu anajua kwamba kila likizo kitu kipo. Mwalimu mwenye mshahara wa kudumu anaweza pia kuuliza HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kuhusu mkopo wa wafanyakazi wanaojiendeleza. Lakini mkopo ni deni, na hulipwa kwa riba.

Na akiondoka?

Hili ndilo swali linalouma. Tumemsomesha, akapata kazi kwingine, basi?

Tunashauri muandikiane mapema, mbele ya mashahidi. Andikeni kikundi kitatoa nini, na mwalimu atatoa nini. Kwa mfano, atafundisha hapa miaka 2 baada ya kumaliza, au akiondoka mapema atarudisha sehemu fulani kidogo kidogo. Jambo la tatu ni zuri kuliko yote: tangu mwaka wa kwanza awe na msaidizi darasani, kijana wa hapa hapa, anayemwonyesha kila anachojifunza. Akirudi Agosti na maarifa mapya, wawili wayajaribu pamoja. Siku atakapoondoka, hataondoka na vyote.

Lakini msimfunge mtu kamba kama ng'ombe. Mwalimu aliyebaki kwa hofu ya deni hafundishi vizuri. Akimaliza, kikundi nacho kimlipe kwa kadiri kinavyoweza, na kwa wakati. Walimu wengi wa nasari hukimbia kwa sababu mshahara wa wazazi huja miezi mitatu baadaye, au hauji kabisa. Kulaumu digrii kwa jambo hilo ni kujidanganya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwalimu wetu ana saa ngapi za kusoma kwa wiki? Tumemwuliza yeye mwenyewe, au tunakisia tu?

2. Ni kazi gani mbili tunazoweza kumwondolea kuanzia muhula ujao? Nani atazishika? Andikeni majina.

3. Siku ambazo mwalimu hayupo, nani hukaa na watoto, na huwafanyia nini?

4. Tunaweza kuchanga kiasi gani kila mwezi kwa miaka 4 bila kuchoka? Taja kiasi ambacho hata mjane wa kikundi anaweza kukitoa.

5. Ni kijana gani hapa kijijini anayeweza kuwa msaidizi wa darasa, akajifunza pamoja na mwalimu?

Jibuni haya kabla ya kupanga tarehe ya harambee. Katibu aandike majibu kitabuni, na muhula ukiisha myasome tena mbele ya mwalimu, mwone ni yapi yaliyotimizwa.